Dume Gani kwa Jike Gani? Kuchagua Chotara wa Mbwa wa Kazi Lubumbashi

Mtu akipita na mbwa wake barabarani hapa Lubumbashi, swali la kwanza analoulizwa ni la aina. Ni berje? Ni Malinois? Ni yule mkubwa wa Afrika Kusini? Jibu likipendeza, bei hupanda palepale, na baada ya wiki chache utasikia jike wa jirani amepandishwa na dume huyo, mradi watoto wapate jina. Mwaka ukipita, lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ina mbwa wa kilo 45 anayekula kuliko watoto wa nyumba, anayejificha nyuma ya tangi la maji kila lori linapopiga honi, kisha anamng'ata mama wa mboga ya lengalenga anayebisha hodi kila asubuhi. Jina lipo, kazi haipo.

Makala haya ni ya anayetaka kuzalisha mbwa wa kufanya kazi: kulinda nyumba, kutembea na zamu usiku, au kukaa shambani nje ya mji. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja. Chagua kazi kwanza, kisha jike, na dume awe wa mwisho. Naye aje kuongeza kitu kimoja tu ambacho jike hana. Anayetaka kupata ukubwa, ukali, akili, mbio na rangi kwa mpandisho mmoja anacheza bahati nasibu, na tiketi zake ni wanyama hai watakaokula kwake miaka kumi au zaidi.

KAZI NDIYO INAYOCHAGUA

Kazi za mbwa mjini kwetu na pembezoni mwake ni tatu kubwa, na kila moja inataka mwili wake na moyo wake.

Ya kwanza ni kazi ya lango. Katika lupango ya mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi, ambako nyumba zimebanana na watu wanaingia na kutoka mchana kutwa, mbwa anatakiwa aamke, abweke, amjulishe mwenye nyumba, basi. Hana haja ya kumwangusha mtu. Mwizi wa usiku hutegemea watu wawe wamelala, na kelele peke yake humharibia hesabu. Kwa kazi hii mbwa wa kilo 15 mwenye usingizi mwepesi anatosha, na mara nyingi huhitaji chotara wa aina yoyote: jike wa kwetu na dume wa kwetu, wote wawili waliochaguliwa kwa makini, watakupa unachotaka kwa gharama ndogo.

Ya pili ni kazi ya kutembea na zamu, kwenye depo, gereji, maghala na maeneo ya migodi. Hapa mbwa anafungwa kamba, anatii neno, anavumilia taa za magari na kelele za mashine, na anaweza kumshika mtu na kumwachia akiamriwa. Ni kazi ya mafunzo, na mafunzo yanataka mbwa mwenye hamu ya kufanya kitu pamoja na binadamu. Mbwa wengi wa kwetu wana akili sana, lakini ni akili ya kujitegemea: wanajua la kufanya na hawaoni sababu ya kuuliza. Hapo ndipo damu ya nje ina maana.

Ya tatu ni kazi ya shamba, kwa wenye mahindi, mbuzi na kuku kwenye barabara za Kipushi, Likasi na Kasenga. Mbwa wa shamba anatembea siku nzima, anafukuza nyani na mbweha, anawinda ndezi wanaokata mahindi, na usiku anakaa karibu na zizi. Anahitaji miguu mirefu, pumzi, nyayo ngumu na ngozi isiyopasuliwa na kila mwiba. Na anayetaka mbwa wa kuwinda porini akumbuke kwamba uwindaji Kongo una sheria yake, ya tarehe 28 Mei 1982, na kwamba ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu hakuna mbwa wa mwindaji anayeruhusiwa.

Andika kazi yako kwa sentensi moja kabla ya kumtafuta dume. Ukishindwa kuiandika, maana yake unatafuta pambo, na pambo si lazima lizae.

JIKE WA KWETU NDIYE MSINGI

Watu hulipa dume na kumsahau jike. Ni kosa la hesabu, kwa sababu jike hutoa nusu ya damu, kisha hutoa tumbo, maziwa na malezi ya wiki nane za kwanza. Mtoto wa mbwa anayemwona mama yake akikimbia kila mgeni hujifunza kukimbia kabla hujamnunulia hata kamba.

Jike wa kwetu amechujwa na maisha. Kupe wanaoleta homa ya damu, minyoo, virusi vya parvo, chakula cha mabaki, baridi ya Juni na Julai ambapo usiku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10: walioshindwa walikufa wakiwa wadogo, na wanaozaa ni waliobaki. Mbwa wa nje hakupita kwenye chujio hilo. Analetwa akiwa na misuli na karatasi, anaugua homa ya kupe mvua ya kwanza, na akipelekwa kwenye pori lenye mbung'o huenda asimalize mwaka.

Kama unadhani ninamsifu mbwa wa kwetu kwa upendo wa nyumbani tu, tazama walichofanya wageni. Basenji ni mbwa wa Kongo: kilo 10 hivi, masikio wima, mkia uliojikunja juu ya mgongo, hana mbweko wa kawaida, na wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi majanini. Mwingereza Olivia Burn aliwaonyesha mbwa hao kwenye maonyesho ya Crufts mjini London mwaka 1937. Uzao wa Ulaya na Marekani ukajengwa juu ya mbwa wachache tu, kitabu cha usajili wa uzao kikafungwa, na baada ya miongo kadhaa ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi ukaenea ndani yake. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, wakaingia vijijini kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha nchi yao kikafungua kitabu kuwapokea. Walikuwa na karatasi zote. Walichokosa ni kile kilichokuwa kikitembea kijijini bila karatasi.

Basi mchague jike wako hivi. Awe na miaka miwili hadi mitano. Awe ameshapata joto mara mbili au tatu, na vema zaidi awe amewahi kuzaa na kulea bila msaada. Meno yafungane, macho yawe makavu, na ngozi isiwe na mabaka ya ukurutu, kwa maana aina moja ya upele wa utotoni hufuata ukoo. Atembee mbele yako na arudi, umwone kwa nyuma: nyonga zisiyumbe. Halafu pima moyo wake.

Nenda kwa mwenye jike jioni giza linapoingia, na usiingie. Simama hatua chache kutoka langoni, ugonge bati kwa ufunguo. Jike mzuri anakuja langoni akibweka, uzito wake uko miguu ya mbele, mkia uko juu, macho yako kwako. Bwana wake akimwambia inatosha, sauti inashuka ingawa macho hayakuachi. Jike mwoga naye anabweka, pengine kwa sauti kubwa zaidi, lakini kila mbweko unamrudisha hatua moja nyuma, mkia umebana, manyoya yamesimama kutoka shingoni hadi kiunoni. Ukiingia, mwombe mwenyeji aangushe kifuniko cha sufuria juu ya saruji. Wote wawili watashtuka, na hilo si kosa. Tazama kinachofuata: mzuri ndani ya muda mfupi anarudi kukinusa kile kifuniko, mwoga hutamwona tena mpaka uondoke. Ukali wa mbwa mwoga ndio unaong'ata watoto na wauza mboga, nao hurithiwa. Usimpandishe hata kama ni mzuri kama picha.

MADUME WANNE WANAOTAJWA ZAIDI

Malinois. Jina lake linatokana na mji wa Malines nchini Ubelgiji, na polisi wa mji wa Ghent huko huko walikuwa wa kwanza kuunda kikosi cha mbwa cha kudumu, mwaka 1899. Dume ana urefu wa sentimita 62 hivi begani na kilo 25 hadi 30, kwa hiyo hampiti sana jike wa kwetu aliyekua vizuri, na manyoya yake mafupi hayafichi kupe na yanafaa joto la Oktoba. Anachoongeza ni hamu ya kazi. Kwa zamu na mafunzo, Malinois juu ya jike mtulivu wa kwetu ndiyo ndoa ninayoipendekeza kuliko zote. Uholanzi kuna chama cha mbwa wa polisi, KNPV, kilichoanzishwa mwaka 1907. Mbwa wake wengi ni chotara wasio na karatasi, na majeshi na polisi wa nchi nyingi huwanunua, kwa sababu kinachotazamwa ni mtihani wa uwanjani. Ila hamu hiyo ina upande wa pili. Chotara wa Malinois aliyefungwa mnyororo mchana kutwa hubweka hovyo, huzunguka mahali pamoja, hula milango. Kama hakuna mtu wa kumfanyisha kazi kila siku, usimzalishe.

Berje wa Kijerumani. Dume ni kilo 30 hadi 40, ana akili, anapenda watu wake, na wageni humheshimu kwa sura tu. Kitu kimoja anachoweza kuongeza ni utulivu wenye utii, pamoja na mwili wa kutosha. Matatizo yake yanajulikana: nyonga mbovu, mgongo ulioinamishwa na mitindo ya maonyesho, na ugonjwa wa uti wa mgongo unaopooza miguu ya nyuma uzeeni. Mtafute dume mwenye mgongo ulionyooka. Omba picha ya eksirei ya nyonga iliyopigwa akiwa ametimiza mwaka mmoja au zaidi. Ukiambiwa haipo, muulize mwenye dume kama yuko tayari mpige pamoja na mgawane gharama, anayekataa amekujibu. Epuka wenye manyoya marefu, kwa sababu kupe hukaa humo bila kuonekana.

Rhodesian Ridgeback. Huyu ni wa jirani, na yeye mwenyewe ni somo la makala haya. Miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alileta majike wawili kwenye misheni yake karibu na Bulawayo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akaziingiza damu zao kwenye kundi lake la kuwindia, akawabakiza waliodumu porini, akitumia mbwa wa asili wa kusini mwa Afrika wenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Orodha ya sifa za uzao huu iliandikwa Bulawayo mwaka 1922, kwenye njia ileile ya reli iliyofika mjini kwetu mwaka 1910. Kumbuka mpangilio: kazi ilikuja miaka mingi kabla ya jina. Ridgeback ni mrefu, ana mbio na pumzi, manyoya mafupi, na hatabweka bila sababu. Kwa mbwa wa shamba ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Hatari yake ni kasoro ya kuzaliwa: kijishimo cha ngozi kinachoingia kama mfereji kuelekea uti wa mgongo, ambacho huoza na kuleta uvimbe. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto aliyerithi ule mstari kutoka kwa baba na mama. Jike wa kwetu asiye na mstari anapunguza hatari hiyo, lakini bado bana ngozi ya kila mtoto kwa vidole kuanzia shingoni hadi mkiani. Ukigusa kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi, mpeleke kwa daktari kabla hujamuuza kwa mtu.

Boerboel. Mkubwa wa Afrika Kusini, kilo 50 hadi 80, ndiye anayetamaniwa zaidi na ndiye ninayemshauri mtu kwa nadra. Jike wa kilo 15 akibeba mimba yake anaweza kupita salama watoto wakiwa wengi, kwa maana tumbo la mama huzuia ukuaji wao. Wakiwa wawili tu wanaweza kuwa wakubwa kiasi cha kukwama njiani, na upasuaji wa usiku wa manane si jambo la kutegemea. Nyonga zake nazo zina historia. Kisha kuna sufuria. Mbwa wa kilo 40 anahitaji karibu mara mbili ya chakula cha mbwa wa kilo 15, na chakula hicho si ugali wa bukari pekee. Bila samaki wadogo wa ndakala, mifupa yenye nyama au utumbo, mwili huo mkubwa unasimama juu ya mifupa laini. Kama una jike wa kilo 30 na shamba kubwa lenye ng'ombe, zungumza nami. Kwa lupango ya mita ishirini, mwache kwa wenye nafasi.

Wapo pia wanaotaka ukali wa mnyama wa porini, wakiamini kwamba kadiri damu inavyokuwa ya mwitu ndivyo ulinzi unavyokuwa mkali. Mholanzi Leendert Saarloos alifikiri hivyo miaka ya 1930. Akampandisha mbwa mwitu jike na berje, akaendelea vizazi kwa vizazi akitafuta mbwa wa kazi mwenye nguvu ya asili. Uzao wake upo hadi leo na una jina lake, lakini wengi wao ni wanyama wenye haya, wanaomkwepa mgeni, wasiofaa kazi ya polisi wala ya ulinzi. Mnyama wa porini anaishi kwa kukimbia hatari. Ushujaa wa mbele ya mtu ulijengwa na wafugaji, kizazi baada ya kizazi, nao hupotea ukichanganya ovyo.

NUSU, ROBO TATU NA MTEGO WA KIZAZI CHA PILI

Waingereza wana mbwa wa kuwinda wanaoitwa lurcher, chotara wa mbwa wa mbio kama Greyhound na mbwa wa kazi, mara nyingi mbwa wa kondoo. Wafugaji wake wamebishana miaka mingi juu ya hesabu moja: nusu kwa nusu, au robo tatu za mbio na robo ya akili? Nusu kwa nusu hutoa mbwa mwenye ubongo na uvumilivu lakini mzito kidogo kwa sungura wa uwanda wazi. Anayewinda huko humrudisha chotara huyo jike kwa Greyhound, apate robo tatu. Anayewinda kwenye vichaka habadilishi kitu. Hesabu inafuata ardhi.

Nasi tuhesabu hivyo. Kizazi cha kwanza, yaani jike wa kwetu na dume wa aina iliyotulia, huwa na nguvu ya chotara: watoto hukua vizuri, magonjwa mengi ya kurithi hujificha kwa kuwa yanahitaji kuja kutoka pande zote mbili, na tabia zao huwa karibu na katikati ya wazazi. Hiki ndicho kizazi cha kufanyia kazi.

Mtego unakuja pale mtu anapofurahia hao, akawapandisha kaka na dada, au chotara wawili wa dume mmoja. Sifa zilizokuwa zimekutana sasa zinatawanyika: mmoja anatoka na kichwa cha berje na miguu ya bibi yake, mwingine ana ukali wa babu bila utii wake. Na magonjwa yaliyojificha yanatoka. Berje akiwa na nakala moja ya kasoro fulani, wastani wa nusu ya watoto wake wataibeba bila dalili. Wabebaji wawili wakikutana, mmoja kati ya wanne, kwa wastani, ataugua. Baba akimpanda binti yake hali ni mbaya zaidi, na mjini kwetu hilo hutokea kirahisi kuliko watu wanavyodhani: mtaa mzima unamtegemea dume mmoja maarufu, na baada ya miaka mitatu kila jike wa jirani ni bintiye au mjukuu wake.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, rudia mpandisho uleule uliokupa mbwa wazuri badala ya kupandisha watoto wao kwa wao. Wakatanga tunapenda kitu kipya, lakini jike na dume waliokwisha kuthibitika ni hazina. Ya pili, ukitaka kuendelea mbele, mrudishe chotara bora upande mmoja kwa mbwa asiye ndugu: kwa dume wa kwetu ukitaka uimara na mwili mdogo, kwa dume mwingine wa Malinois ukitaka kazi zaidi. Andika daftari. Jina la baba, jina la mama, tarehe, idadi ya watoto, waliokufa na sababu, na kila mmoja alikwenda kwa nani. Daftari la kurasa kumi lina thamani kuliko karatasi ya rangi iliyopigwa muhuri usiojua ulikotoka.

AFYA NA MAJIRA

Kabla ya mpandisho, wote wawili wachanjwe kichaa cha mbwa na wapewe dawa ya minyoo. Kisha fanya jambo ambalo wengi huona aibu kulifanya: kagua sehemu za siri za jike na dume, ukizifungua kwa vidole vyenye glavu. Ukiona nyama nyekundu iliyochipuka kama koliflawa na kuvuja damu, huo ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, na ni wa kawaida kwa mbwa wanaozurura. Hutibika, kwa kawaida kwa sindano za kila wiki zinazotolewa na daktari, lakini si wakati wa mimba. Mji wetu una bahati ya kuwa na Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na madaktari waliosomea hapo wako mitaani; mlipe mmoja kwa ukaguzi huu kabla hujamlipa mwenye dume.

Jike hubaki kwenye joto wiki tatu hivi. Siku za mwanzo anavuja damu na kumkataa dume. Kati ya siku ya 10 na ya 14 wengi hukubali, damu ikiwa imepauka na mkia ukigeuzwa pembeni. Wapandishe mara mbili, ukiacha siku moja katikati. Wakishikana, usiwatenganishe kwa maji wala fimbo. Wanaweza kukaa hivyo hadi nusu saa na zaidi, na kuwavuta huwaumiza. Baada ya hapo mfungie jike mpaka joto liishe, la sivyo dume wa mtaani atapita naye na mzao mmoja utakuwa na baba wawili. Hilo linawezekana kabisa kwa mbwa.

Mimba ni siku 63 hivi. Hesabu mbele. Watoto wanaozaliwa katikati ya mvua hukumbana na minyoo, parvo na yule nzi anayetaga kwenye mchanga na nguo zenye unyevu, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi yao. Ndiyo sababu tunapiga pasi nguo zote hapa. Waliozaliwa Juni hutetemeka usiku. Jike akipandishwa katikati ya Juni, huzaa katikati ya Agosti baridi ikiondoka, na watoto wanafika wiki nane katikati ya Oktoba, kabla mvua hazijakolea. Joto halingojei kalenda yako kila mara, lakini kama linakuja kwa wakati mbaya una ruhusa ya kuliacha lipite.

Watoto wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kwa sababu baadhi ya minyoo hupita kwao tumboni mwa mama. Chanjo ya parvo ianze wiki ya sita hadi ya nane na irudiwe kama daktari atakavyopanga, na ya kichaa katika mwezi wa tatu. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili waone watu wa kila namna, pikipiki, ndoo zinazogongana, watoto wanaopiga kelele. Damu nzuri iliyofungiwa bandani wiki hizo hutoa mbwa mwoga, na lawama utampa dume bure.

KABLA YA KUKUBALI

Jike wa kwetu anaweza kukuletea watoto wanne hadi sita, na mkubwa zaidi akafika wanane. Wauzaji watakuambia wote watapata wateja. Usiamini, wanaotupwa sokoni na kwenye madampo walikuwa na wateja pia. Tafuta nyumba nne za uhakika kabla ya mpandisho, zenye kazi uliyoiandika, na uwaambie wenyewe kwamba mbwa wa kazi anayemng'ata mtu ni jukumu lao: kidonda kioshwe kwa maji na sabuni robo saa, na aliyeng'atwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Madume wasiochaguliwa kuzaa wahasiwe, nao watalinda vilevile.

Kisha chukua karatasi na ujaze mistari mitatu. Kazi ni ipi. Jike ana nini tayari. Dume anaongeza kitu gani kimoja. Mstari wa tatu ukiwa na maneno mengi, rudi ukachague. Ukiwa na neno "ukubwa" peke yake, muulize atakayemlisha. Na kama mistari yote haijajaa siku jike anapoingia kwenye joto, mfungie ndani wiki tatu, mpe mwenye dume pole kwa usumbufu, na uendelee kutafuta. Joto hurudi baada ya miezi sita hivi, lakini watoto wa mbwa wakishazaliwa hawarudi tumboni.